Namna Mtu Anavyokuwa Msimulizi

Mara nyingi vijana wametuuliza: "Mwalimu, mtu afanye nini apate kuwa msimulizi wa hadithi, asimame mbele ya watu wazima na watoto, wamsikilize mpaka usiku wa manane?" Wanaouliza hivyo kwa kawaida ni wale wenye ulimi mwepesi. Wamekwisha kuwachekesha wenzao darasani, wamepigiwa makofi siku ya sikukuu ya shule, nao wanadhani kazi iliyobaki ni kukusanya hadithi nyingi na kuzishika kwa moyo. Hatupendi kuwakatisha tamaa. Lakini kabla ya kuwajibu twapenda kuwapeleka katika misitu na milima ya Walikale, katika Kivu, kwa watu waitwao Wanyanga. Huko alikuwapo msimulizi mmoja ambaye habari za kazi yake zimeandikwa vizuri kuliko za wengi wa wenzake katika Kongo nzima.

Wanyanga huiita hadithi ndefu ya shujaa kwa jina la karisi. Mtu aijuaye huitwa shekarisi, yaani, tukifasiri neno kwa neno, baba wa karisi. Kama vile katika hadithi yenyewe Shemwindo ni baba yake Mwindo, na Nyamwindo ni mama yake. Jina hilo linafaa sana. Mtu huitwa baba kwa sababu yuko mwingine anayetoka kwake, na shekarisi, kama tutakavyoona, hakufanya kazi yake peke yake hata siku moja.

Mwaka 1956 mtaalamu wa Kibelgiji, Daniel Biebuyck, aliyekuwa akichunguza mila za makabila ya Kivu, alimkuta katika kijiji cha Bese shekarisi aitwaye Candi Rureke. Akamwomba amsimulie utenzi wa Mwindo wote, tangu mwanzo hata mwisho. Rureke akakubali. Kwa muda wa siku 12 mzee yule aliimba, akasimulia, akacheza, akaiga kwa mikono na kwa mwili wote matendo ya wale aliowataja, na maneno yake yakaandikwa yalivyotoka kinywani. Watu wa vijijini walikuja kwa wingi kusikiliza. Sauti ilipomkauka na nguvu zilipomwishia, walipumzika.

Lakini lililo kubwa zaidi ni hili. Rureke mwenyewe alieleza kwamba tangu azaliwe hakuwa amepata kuusimulia utenzi ule wote, siku kwa siku, bila kuruka kipande. Tufikiri vizuri: mtu ana hadithi ya siku 12 kichwani, kila kitu mahali pake, wala hajapata kuisema nzima! Ilikuwaje basi akaijua? Kijana aliyezoea kujifunza kwa kukariri ukurasa mpaka mwisho hawezi kulifahamu jambo hili mpaka ajue shule aliyopitia mzee yule.

Rureke alikuwa msaidizi wa mtu aitwaye Kanyangara, naye Kanyangara alikuwa ameupokea utenzi kwa Bishusha. Majina hayo matatu ndiyo cheti chake chote. Katika nchi nyingine za Afrika kazi hii ina ukoo wake: huko Mali na Guinea jeli huzaliwa katika nyumba ya majeli, na jina lake peke yake laonyesha kazi yake. Kwa Wanyanga hapakuwa na ukoo uliotengwa hivyo. Msaidizi alikuwa jamaa ya shekarisi, au mtu waliyehusiana naye kwa ndoa au kwa urafiki, akaanza kumfuata.

Na msaidizi alifanya nini? Hakusimulia. Alipiga kijiti. Wanyanga huweka fimbo ndefu kavu juu ya vijiti vidogo vilivyolazwa chini, kisha vijana watatu hivi huketi mbele yake na kuigonga kwa vijiti vya mkononi, kila mmoja viwili. Sauti yake ni kavu, yasikika mbali, nayo haifuniki maneno kama ngoma kubwa inavyofunika. Mbele yao shekarisi anacheza, kibuyu chenye mbegu ndani kinalia mkononi mwake, njuga zinalia miguuni. Afikapo penye wimbo, vijana wale wa vijiti ndio wanaomwitikia.

Ukitazama kwa haraka utasema hiyo ni kazi ya mtumishi tu. La, hiyo ndiyo shule yenyewe! Mpiga kijiti hujifunza mwendo kabla ya maneno: ajua mzee anapopunguza, anaponyamaza ili watu waogope kidogo, na anapoharakisha kwa sababu habari ni nyepesi. Hujifunza nyimbo kwanza, kwa maana ndizo anazoitikia, na katika karisi nyimbo ni kama nguzo za nyumba. Ajuaye nguzo zilipo, kuta atazijenga. Tena husikia kipande kimoja katika kijiji hiki, na baada ya mwezi akisikie katika kijiji kingine, kimerefushwa hapa, kimefupishwa pale, kwa kuwa wasikilizaji si wale wale. Kwa njia hiyo hakariri. Anaifahamu hadithi kama mtu anavyoifahamu njia ya shambani, ambayo aweza kuianza toka mahali popote. Ndiyo sababu Rureke, alipoombwa kuisema yote, aliweza.

Twapaswa kusema pia, tusije tukaficha nusu ya habari, kwamba karisi kwa Wanyanga ni jina la roho vilevile. Shekarisi alihesabiwa kuwa mtu wa roho huyo, na kuusimulia utenzi kulidhaniwa kumkinga na ugonjwa na kifo. Habari hii twaieleza ilivyo. Msomaji mkristu ataipima mwenyewe. Lakini yatuonyesha kwamba kazi hii haikuhesabiwa kuwa mchezo wa kupitisha wakati.

Sasa tuutazame usiku wenyewe. Haikuwa lazima pawe na sherehe kubwa. Mfalme au mkubwa wa kijiji, au hata mtu wa kawaida aliyetaka kuwafurahisha jamaa zake, alimwalika shekarisi na vijana wake waje kusimulia jioni, karibu na nyumba ya wanaume iliyo katikati ya kijiji. Chakula kiliandaliwa na pombe ya ndizi haikukosa. Waliokuja walikuwa wanaume, wanawake na watoto. Shekarisi alichagua vipande vichache tu. Watu walisaidia kuitikia, wakamsifu, wakamtunza kwa ushanga, kwa bangili, kwa chakula. Naye hakuona haya kuwakumbusha! Katikati ya nyimbo za Mwindo aliingiza mambo yake mwenyewe: alitaja watu wake, alisifu au alinung'unikia ukarimu wa wenyeji. Siku zile za Bese alifika hata kumtaja mwandishi katika wimbo, akimhimiza asonge mbele na kalamu yake. Ukiisoma karisi ile leo utamkuta mwandishi amo ndani, pamoja na majoka ya maji na wafalme wa kale. Jambo hilo latuchekesha, lakini ni ustadi halisi. Msimulizi asiyewaona watu waliokaa mbele yake anasema peke yake, ijapokuwa wako mia.

Vijana wengi wanaotujia hutaka kujua kama wajifunze hadithi za watoto au za wakubwa. Kwa swali hilo hakuna jibu bora kuliko hadithi ya Mwindo yenyewe.

Shemwindo, mfalme wa Tubondo, ana wake saba. Awakusanya na kuwaamuru wazae mabinti tu, kwa kuwa binti huleta mahari. Mke atakayezaa mtoto wa kiume atauawa. Wake sita wanazaa mabinti. Wa saba, mke apendwaye, anazaa mwana, tena hakuzaliwa kwa njia ya watoto wote, bali ametokea kwenye kidole cha mama yake. Ametoka akicheka, akisema, akitembea. Kwa hiyo jina lake la sifa ni Kabutwakenda, yaani aliyezaliwa papo hapo akaenda. Mkononi ana mgwisho wa mkia, uitwao konga. Baba amtupia mikuki, isimpate. Amzika, mtoto arudi usiku. Mwishowe amtia ndani ya ngoma, aifunga kwa ngozi, na ngoma yatupwa mtoni. Nayo haikubali kuzama, na mtoto aimba humo ndani.

Mtoto mdogo anayesikiliza, macho yake yako kwenye ngoma. Yeye ndiye yumo ndani yake. Anataka kujua kama itapasuka, kama maji yataingia, kama shangazi yake Mwindo, Iyangura, aliyeolewa huko kwenye maji, atamfungulia. Baadaye atataka kumwona Kirimu, zimwi lenye vichwa saba na pembe saba na meno kama ya mbwa. Lakini baba yake mtoto yule, aliyekaa nyuma yake na kata ya pombe, anasikia habari nyingine kabisa. Anasikia mfalme aliyewapima watoto wake kwa hesabu ya mahari. Anasikia mwana anayemwandama baba yake hata chini ya ardhi, na alipompata hakumwua. Wote wawili warudi Tubondo, wapanda viti vya shaba mbele ya mkutano wa watu, naye Shemwindo akiri kosa lake hadharani, kisha nchi yagawanywa. Katika kijiji chochote chenye baba mmoja asiyesemezana na mwanawe, kipande hicho huwanyamazisha watu.

Tena Mwindo, akiisha kuwa mfalme na kumwua Kirimu, anajivuna. Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba, bwana wa umeme. Basi Nkuba ampandisha Mwindo mbinguni, akae huko mwaka mzima ateswe kwa baridi ya mvua na ukali wa jua mpaka kiburi kimtoke. Arudishwapo duniani amekatazwa kuua mnyama. Sisi twaona kipande hiki ni cha wakubwa zaidi, na huenda watoto wengine wakati huo wamekwisha kulala magotini pa mama zao. Si kitu. Watakisikia mwaka ujao, au baada ya miaka kumi, nao watadhani ni kipya.

Kwa hiyo shekarisi hakuwa na hadithi mbili, moja ya wadogo na moja ya wakubwa. Alikuwa na moja yenye milango miwili, na kazi yake ilikuwa kujua jioni hiyo mlango upi auache wazi zaidi. Wakiwa watoto wengi, aliweza kuirefusha ngoma mtoni. Wakiwa wazee wengi, aliweza kuurefusha mkutano wa Tubondo. Ustadi huo haufundishwi kwa kitabu. Hupatikana kwa kukaa miaka upande wa vijiti na kutazama nyuso za watu wakati mzee anaposema.

Hatusemi kwamba hadithi fupi za jioni hazina thamani. Katika sehemu nyingi za Kongo mnyama mjanja wa hadithi hizo ni yule paa mdogo wa msituni, ambaye kwa Kilingala huitwa mboloko, na kwa Kiswahili cha Katanga kabuluku. Anamshinda chui, anamshinda tembo, naye hana nguvu hata ya kuangusha mti. Hadithi zake ni shule nzuri ya msimulizi kijana, kwa sababu ni fupi, zina wimbo unaorudi, na watoto hawasamehe ukiukosea. Katika miaka ya 1950 mmisionari Mbelgiji, Padri Alexandre Van den Heuvel, alitengeneza filamu za michoro za Mboloko kwa ajili ya watu wa Kongo. Ilikuwa kazi ya busara. Hata hivyo mchoro hauna masikio: haungoji mtoto aitikie, na akicheka mno haumngojei amalize. Msimulizi humngoja.

Na kwa watoto tena, kijana ajiepushe na desturi moja tuionayo mara nyingi kwa wenye elimu, ya kukatiza hadithi ili kueleza maana yake. Watoto wamo mtoni ndani ya ngoma, kumbe mtu mzima anasimamisha ngoma na kuuliza: "Haya, twajifunza nini hapa?" Basi wote wameshatoka majini. Mwitikio kama ule wa pwani, "Paukwa!" "Pakawa!", haukuwekwa ili kufundisha kitu, uliwekwa ili watu waingie pamoja, nao wakiisha kuingia wasitolewe kabla ya wakati.

Watu wengine watatuambia: "Lakini mwalimu, siku hizi kuna vitabu. Kwa nini kijana apige kijiti miaka kumi?" Ni kweli vitabu viko, na tuvishukuru. Mwaka 1949 Padri E. Boelaert alitoa utenzi wa Lianja, shujaa wa Wamongo. Utenzi wa Mwindo wa Rureke ulitolewa mwaka 1969 na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, naye Mateene ni mwana wa Wanyanga wenyewe, mtaalamu wa lugha ambaye baadaye aliongoza huko Kampala ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi za Afrika. Kitabu hicho kina maneno ya Kinyanga pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwaka 1970 wote wawili walitoa huko Bruxelles mkusanyo wa fasihi simulizi ya Wanyanga kwa Kifaransa, na mwaka 1978 Biebuyck akatoa tenzi nyingine za Wanyanga. Kijana ambaye mzee wake amekufa, akipata vitabu hivyo, hatalia kwamba ameachwa bila kitu.

Lakini afungue utenzi ule asome wimbo wa Mwindo ndani ya ngoma. Maneno yako. Waitikiaji wako wapi? Aliposimama Rureke, hatua ngapi alizipiga kabla ya neno linalofuata? Aliiigaje ngoma inayokataa kuzama: kwa mabega, kwa magoti, kwa kuzunguka? Kitabu kimehifadhi yaliyotoka kinywani, na kinywa ni sehemu moja tu ya mwili wa shekarisi. Tena kiliandikwa kwa siku 12 zilizokuwa za namna ya peke yake; kijiji hakikumjua Rureke kwa siku 12 bali kwa jioni nyingi, kipande kwa kipande.

Liko jambo jingine, nalo ndilo lituhuzunishalo. Mnyororo wa Bishusha, Kanyangara na Rureke ulishikamana kwa sababu mzee na kijana waliishi mahali pamoja kwa miaka. Mwezi wa Machi 1993 mapigano yalizuka Ntoto, katika Walikale hiyo hiyo, yakaenea. Na tangu wakati huo nchi ile imeona vita juu ya vita. Watu wamekimbia vijiji vyao, wengine mara mbili, wengine mara nyingi. Mzee anapokimbilia upande mmoja, na mjukuu akatafutiwa shule upande mwingine, hakuna aliyekufa, hakuna kitabu kilichoungua, lakini hakuna tena wa kushika vijiti. Mtoto anakua mjini akisema Kiswahili tu. Na mzee, hata akimwona siku za mapumziko, hajui aanzie wapi, kwa maana nyimbo za karisi ni za Kinyanga.

Kwa hiyo vijana wanaotuuliza twawajibu hivi. Usianze kwa kutafuta jukwaa. Mtafute kwanza mtu mmoja, mwanamume au mwanamke, anayejua hadithi kwa lugha ya kwenu, awe babu, awe shangazi, awe jirani wa kabila jingine ikiwa wafahamu lugha yake. Usimwendee na daftari siku ya kwanza, wala usimwekee simu mdomoni ili umnase sauti. Wazee wengi wakiona chombo hufupisha, kama vile wamepelekwa mbele ya hakimu. Nenda jioni, na zawadi ndogo, kwa kuwa hata Rureke alitunzwa. Omba hadithi moja. Ukiisha kuisikia, usiombe ya pili. Juma linalofuata omba ile ile, uone imebadilika wapi. Jifunze wimbo wake kwanza, uwe mwitikiaji wake. Waalike watoto wa jirani wawili au watatu, kwa maana mzee asimuliapo mbele ya watoto si mzee yule yule aliyesimulia mbele yako peke yako. Siku atakapochoka katikati na kukuambia, "Endelea wewe," ndipo ufungue kinywa chako, ukaendelee pale alipoachia, si mwanzoni.

Wazazi nao wasiwakataze watoto wao jioni hizo wakidhani wanapoteza wakati wa masomo. Mtoto aliyezoea kushika wimbo unaorudi, na kungoja zamu yake ya kuitikia, twamtambua mapema darasani. Somo la kusoma halimpi taabu kubwa.

Na ikiwa nyumbani hakuna ngoma wala kibuyu, fimbo moja kavu na vijiti vichache vya kuilalia vyatosha kuanzia. Fimbo iwe kavu kweli, kwa maana mbichi hailii. Nayo isilazwe chini kwenye udongo, iinuliwe juu ya vijiti, ndipo sauti itakapofika hata nyumba ya tatu, na watu waanze kuuliza nani anasimulia usiku huu.